Mtoto Mwenye Baba Mia

Kitendawili. Najua mmeitika tega, hata aliyeitika moyoni nimemsikia. Siku ya picha ana baba mia, siku ya uji hana hata mmoja. Nani huyo? Wekeni jibu mdomoni, msimeze wala msiteme, niwaambie kwanza yaliyotokea katika nchi moja ya mbali. Mbali sana na hapa kwetu, maana hapa kwetu mambo kama hayo, nyote mnajua, hayawezi kutokea.

Katika nchi hiyo mkubwa wao aliitwa Baba wa Wote. Asubuhi moja Baba wa Wote alisema redioni kwamba kuanzia siku ile nchi yake haina tena mtoto mwenye shida. Tusimsingizie uongo. Wiki nzima alikuwa amechungulia kwenye dirisha la ikulu, na hakumwona hata mmoja akikatiza bustani. Baada ya tangazo zikapigwa nyimbo. Iliyokuwa Wizara ya Watoto Wenye Shida ikaitwa papo hapo Wizara ya Furaha ya Watoto, na rangi iliyobaki baada ya kuandika kibao kipya ikatosha kupaka ukuta wa nyumba ya Waziri, mbele na nyuma.

Watu walipiga makofi. Mmoja tu ndiye aliyeshika tama, Bi Mwanakheri, kwa sababu watoto wenye shida alikuwa nao kumi na wawili, pale pale nyumbani kwake, na uji ulikuwa bado haujaiva.

Nyumba yenyewe haikuwa ya serikali. Ililishwa na wazee wachache wa ng'ambo, mji mmoja wa barafu ambako jua huja kama mgeni. Msidhani walikuwa matajiri. Mmoja alikuwa mwashi, mmoja alikuwa akigawa barua, waliobaki ni mabibi tu kama mabibi wengine. Kila Jumanne walikutana chumba cha nyuma cha duka la mikate, wakaoka, wakafuma, wakauza walichofuma, na kwa soksi hizo na keki hizo watoto wa Bi Mwanakheri walikula na kusoma miaka nenda miaka rudi. Wa kwanza kulelewa pale sasa wana ndevu. Wazee wale walijiita Watu wa Jumanne, na hawakuwa hata na bendera.

Kila mwaka walimtuma mmoja wao, Mzee Anselmi, seremala aliyestaafu, mrefu, mwenye penseli nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa moja. Alimsimamisha kila mtoto kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akamwekea rula bapa kichwani, akachora mstari, akaandika jina. Ikiwa mtoto ameupita mstari wa mwaka jana, basi kule kwenye barafu wanajua uji unafika tumboni. Kisha akamtegea kitendawili, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana watoto ndio waliomfundisha, na mtoto akapata soksi zake. Basi. Hotuba hakuna. Ule mwimo ulijaa mistari na majina mpaka mgeni akadhani ni nakshi.

Mwaka huu alikuwa anakuja na jambo zito zaidi. Alikuwa anakuja na daktari wa mifupa, kwa ajili ya Kidawa.

Kidawa alikuwa na miaka saba na mguu wa kushoto uliojikunja kwa ndani kama kijiko. Alitembelea chuma cha kufungwa mguuni, alichotumiwa na Watu wa Jumanne, na ukimsikia anakuja, ka-ka-ka, unajua jiko litachochewa, maana alipenda moto. Daktari alikuwa ametuma salamu: mfupa bado mbichi, unanyosheka, ukipita mwaka mwingine utakomaa ulivyopinda. Angekaa hospitali ya mji wa Bi Mwanakheri siku moja tu, na jioni angepanda ndege.

Siku moja tu. Bi Mwanakheri aliihesabu siku hiyo kama wengine wanavyohesabu dhahabu.

*

Siku moja kabla ya mgeni, aliingia uani Mkurugenzi Mzuzuri wa Wizara ya Furaha. Alikuwa na tumbo la cheo na viatu vilivyolia.

"Hongera, bibi," alisema.

"Hongera ya nini, baba?"

"Huna tena watoto wenye shida."

Bi Mwanakheri akageuka akatazama nyuma. Walikuwepo wote. Kidawa alikuwa amechutama jikoni anapuliza moto.

"Mbona nawaona?"

"Unawaona kwa mazoea." Mkurugenzi akavuta kigoda akakaa. "Sasa sikiliza. Kesho anakuja mgeni wako. Mheshimiwa Waziri naye atakuja, na kamera. Mgeni atatia sahihi Cheti cha Kumalizika kwa Shida, kitatundikwa ikulu. Lakini mtu hatii sahihi bila kuona. Lazima aone watoto wanono, wenye viatu, wanaocheka. Hawa wako bado hawajakamilika."

"Si wakamilishwe basi."

"Muda hautoshi. Tutaleta wengine."

Akaeleza, na alieleza bila haya, kama mtu anayeagiza viti vya harusi. Wakubwa wa Wizara wamekubali kwa moyo wa kizalendo kuwatoa watoto wao, kumi na wawili, kila mmoja apewe jina la mtoto wa nyumba ile kwa siku moja. Yeye mwenyewe atamtoa binti yake, Shadya. Atakuwa Kidawa.

"Na Kidawa atakuwa nani?"

"Hatakuwa." Mkurugenzi akaona amesema vibaya, akarekebisha. "Atakuwa bandani, kwenye kuni, pamoja na wenzake. Kimya. Nyuma ya banda litasimama lori, injini inawaka. Wakitoa sauti, lori linaondoka nao, kila mmoja wilaya yake. Shida ya hawa ni kukaa pamoja, bibi. Wakitawanywa mmoja mmoja hawaonekani kabisa, tumeshajaribu kwingine."

"Mkurugenzi, kesho ndiyo siku ya daktari. Mtoto yule mguu wake..."

"Na wewe," akamkata, "umeruhusiwa neno moja. Tunashukuru. Ukisema la pili, lori."

Kabla hajaondoka aliomba chuma cha Kidawa. Kidawa akakivua mwenyewe, akampa kwa mikono miwili, maana alifundishwa adabu, akarudi jikoni kwa kutambaa.

*

Kesho yake ikafika, kama kesho zote zinavyofika ukiziogopa.

Bi Mwanakheri aliwaingiza wanawe bandani mwenyewe. Akawaambia wanacheza kuwa mawe, na jiwe lililo hodari ni lile ambalo hata likikanyagwa halisemi. Kidawa akauliza, "Bibi, jiwe linaruhusiwa kwenda kwa daktari?" Bi Mwanakheri akamfunga kanga mabegani asipigwe na baridi ya banda. Nyuma ya banda lori lilinguruma, bati likitetemeka.

Watoto wa wakubwa wakapangwa uani. Shadya alikuwa mtoto mzuri, hana kosa lolote katika habari hii. Walikuwa wamemvisha kile chuma, lakini mguu wa kulia, kwa sababu kushoto ni upande wa wapinzani na televisheni ya taifa haionyeshi kitu kinachoegemea huko. Mguu wake ulikuwa mnene, kamba zilimbana, akasimama ameuma mdomo.

Waziri alikuja na ving'ora, na Mzee Anselmi akashuka nyuma yake. Akahutubia.

"Ndugu wananchi. Shida ilikuwa adui. Tuliiambia iondoke, ikakaidi. Tukaiundia kamati, ikatetemeka. Leo tumeifuta jina, na kisicho na jina hakipo. Nawaombeni tusimame dakika moja kuikumbuka."

Wakasimama dakika moja kuikumbuka shida. Katikati ya ule ukimya, bandani mtoto akakohoa.

Mkurugenzi Mzuzuri akakohoa haraka juu yake. Karani wake akaona bosi amekohoa, akakohoa. Wakakohoa maofisa wote kwa ngazi za vyeo, mpaka Waziri naye akaona ni sehemu ya ratiba, akatoa kikohozi kimoja kizito cha kufungia.

Mzee Anselmi hakukohoa. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Sasa napima watoto," alisema.

"Tunashukuru," akasema Bi Mwanakheri.

Mtoto wa kwanza akasimama kwenye mwimo. Mzee Anselmi akaweka rula, akatazama mstari wa mwaka jana. Mstari ulikuwa juu ya kichwa, kiganja kizima. Akafuta miwani. Akaita wa pili. Huyu naye alikuwa chini ya mstari wake. Wa tatu, kitambi kinamtangulia, jina lake lilimpita kwa mbali kama taa ya barabarani.

"Watoto wamekuwa wafupi," alisema polepole.

Kamera zikamgeukia Mkurugenzi. Hamkuwahi kuona mtu akifikiri kwa uso mzima.

"Ni kweli," alisema. "Ni matunda ya sera. Zamani mtoto alirefuka kwa kutafuta chakula, akijinyoosha huku na huku. Sasa chakula kinamfuata alipo. Ametulia. Amejaa kwa pembeni."

Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwagiza karani sentensi ile iingie vitabuni.

Ikafika zamu ya Shadya. Aliburuta chuma mpaka mlangoni. Mstari wa Kidawa ulikuwa palepale, umechorwa na ncha butu, na pembeni yake Mzee Anselmi alikuwa amechora mguu mdogo wa kushoto, uliojikunja. Akautazama mchoro. Akautazama mguu. Kisha akamtazama Bi Mwanakheri.

"Dada," alisema, "huyu ni Kidawa?"

Lori likanguruma. Dereva alikuwa amekwisha kushika usukani, alionekana kupitia upenyo wa ua, na Mkurugenzi alikuwa ameinua kidole kimoja, hakukishusha.

"Tunashukuru," akasema Bi Mwanakheri.

Waliishi kwa kuonana mara moja kwa mwaka, mzee yule na bibi huyu, na bibi hakuwahi kuulizwa swali akajibu pembeni. Alijaribu kuyaweka machoni yale asiyoweza kuyaweka mdomoni. Kama mzee aliyaona au hakuyaona, hakuweza kujua. Uso wa seremala ni kama ubao, hausemi mpaka uchongwe.

"Vizuri," akasema Mzee Anselmi. "Basi twende. Gari liko langoni, daktari anangoja. Leo mguu unanyoshwa."

Akamwinua Shadya begani.

*

Sasa hapo ndipo mambo yalipokaza.

Mkurugenzi alifungua mdomo akaufunga. Kusema huyu si Kidawa ni kusema Kidawa yuko kwingine, na kusema Kidawa yuko ni kusema shida ipo, na shida ilikuwa imekwisha kusimamiwa dakika moja. Waziri alikuwa ameanza kupiga makofi. Kamera zilikuwa zinarudi kinyumenyume mbele ya Mzee Anselmi, zikimpiga picha akielekea langoni na mtoto begani.

Shadya akaelewa kwamba mchezo umepita mipaka yake.

"Baba," alilia. "Baba, njoo unichukue. Baba."

Waziri akasimama. "Anamwita nani?"

Uani pale walikuwepo akina baba kumi na wawili, wamevaa suti, kila mmoja na mtoto wake kwenye mstari. Wote wakatazama viatu vyao. Nilisema Mkurugenzi Mzuzuri alikuwa na tumbo la cheo. Wakati ule tumbo lile lilikuwa limerudi ndani lote.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilikatika katikati akaiunga, "watoto wa nchi hii humwita kila kiongozi baba. Ni mapenzi tu."

"Inapendeza," akasema Waziri.

Bi Mwanakheri alisikia neno lile likimpita kama maji ya baridi. Alimwona mtoto amenyoosha mikono, na baba yake hatua chache tu, amesimama kama nguzo ya simu. Akaona yatakayofuata. Daktari atauona mguu mzima, atafunga mkoba wake, atapanda ndege. Mguu uliopinda utabaki bandani ukikomaa. Na huyu mwingine atajua tangu leo kwamba alimwita baba yake, na baba hakuwepo. Watakuwa wawili wasio na mtu, badala ya mmoja.

Akisema neno la pili, lori.

Akatafuta kitu ambacho si neno. Akakipata mahali ambapo amekuwa nacho tangu akiwa na meno ya utoto.

"Kitendawili," alisema.

Nanyi mnajua jinsi kilivyo kitu hicho. Mtu aliyezaliwa akisikia neno hilo hawezi kujizuia. Askari waliitika tega. Wapiga picha waliitika tega. Dereva wa lori alizima injini asikie vizuri, akaitika tega kupitia dirishani. Waziri mwenyewe aliitika kabla hajakumbuka kwamba ni Waziri. Mzee Anselmi, langoni, na mtoto begani, akasimama.

"Nina kumi na wawili juani na kumi na wawili penye kuni," akasema Bi Mwanakheri. "Wa juani wana baba, ila wamefungwa midomo. Wa penye kuni wana midomo, ila hawana baba. Ni nini?"

Hakuna aliyethubutu kujibu. Si kwamba hawakujua. Akina baba kumi na wawili walijua mpaka masikio yakawaka. Bandani, mawe yote kumi na mawili yalikuwa yanajua, na moja likacheka kidogo.

Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto, hata kule kwa wapinzani. Kamera zilikuwa zinamngoja.

"Mmeshindwa?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Serikali haishindwi," akasema Waziri. "Lakini kwa leo, endelea."

"Basi kwa desturi mnanipa mji."

Manung'uniko yakapita. Kutoa mji mbele ya televisheni, na miji yote ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa ndugu, lilikuwa jambo la hatari. Waziri alianza kufuta shingo.

"Sitaki mji, Mheshimiwa," akasema Bi Mwanakheri. "Mji nitaupeleka wapi. Nipeni baba. Baba kumi na wawili, kwa leo tu, wa hawa walio penye kuni. Si mmesema shida imekwisha? Hao basi hawawezi kuwa watoto wenye shida. Na kama watoto wa nyumba hii ndio hawa wanono waliosimama hapa, wale wa penye kuni watakuwa watoto wa nani, kama si wa wakubwa?"

Waziri alifikiri. Alikipindua kitendawili chote kichwani akitafuta mahali ambapo serikali imekosea, asipaone. Uso ukamnawiri.

"Mama huyu," alitangaza, "ametukumbusha jambo ambalo tulikuwa tumelipanga. Mlango wa kuni ufunguliwe, kila ofisa akamchukue mwanawe. Na asiyekuwa naye atueleze kwa nini."

Hakuna aliyetaka kueleza kwa nini.

Wakatoka, mmoja mmoja, wana vumbi la kuni kwenye nywele, na kila mmoja akapewa mwenye suti wa kumshika mkono. Kidawa alitoka wa mwisho, akitambaa. Mkurugenzi Mzuzuri akainama, akamwinua. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, hata akampandisha juu mno.

"Wewe ndiye baba?" Kidawa akamwuliza.

Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja mpaka langoni, akiwa amembeba huyu, akasimama mbele ya yule, ambaye Mzee Anselmi alikuwa amemshusha chini. Alipiga goti kwenye mavumbi, suti na yote, akamkalisha Kidawa kando, akamfungua Shadya kamba za chuma. Alipomaliza, Shadya hakumkumbatia. Alishika tu ukosi wa koti lake, akaukamata kwa nguvu.

"Daktari anataka ruhusa ya mzazi," akasema Mzee Anselmi.

"Mimi hapa," akasema Mkurugenzi.

Kwa kuwa alikuwa ni mtoto wa mkubwa, Kidawa alipelekwa hospitali kwa ving'ora, pikipiki mbili mbele. Lori liliondoka tupu. Mguu ulinyoshwa mchana ule ule, na daktari alikuta bado ana muda wa kunywa chai kabla ya ndege.

*

Cheti je? Mzee Anselmi alipelekewa kalamu ya dhahabu. Alisema kwa adabu kwamba atatia sahihi siku ambayo watoto hawa kumi na wawili waliofupika watafikia mistari yao. Wizara ikaona ni haki. Ikaagiza uji uongezwe mpaka hapo, na Watu wa Jumanne wakaendelea kuoka.

Ila serikali ile haikuwa na neno la kurudi nyuma katika kamusi yake. Kwa kuwa televisheni ilikwisha kuonyesha Shadya na wenzake ni watoto wa nyumba ya Bi Mwanakheri, basi ndio. Mkurugenzi alitakiwa aombe kumlea binti yake kwa taratibu za kawaida, na taratibu za kawaida alizitunga yeye mwenyewe, zamani, zisipitike. Kwa hiyo kila Ijumaa alikuja jikoni kwa Bi Mwanakheri, amebeba kikapu, anauliza hodi. Alikuwa anaruhusiwa kukaa mpaka uji uishe. Alijifunza kuukoroga. Siku nyingine alikuja na kuni.

"Moto unaupuliza vibaya, Mkurugenzi," Kidawa humwambia.

"Nionyeshe basi, mama."

Mwaka ulipogeuka Mzee Anselmi alirudi na penseli yake. Kidawa alitembea mpaka kwenye mwimo bila ka-ka-ka, akasimama kwa nyayo mbili, na mstari wake ukaruka juu kuliko ulivyowahi kuruka wa mtoto yeyote, maana mguu ulionyooka nao una urefu wake. Shadya akasimama baada yake. Hakuwa na mstari wa kwake pale. Mzee Anselmi akauchora wa kwanza, chini kidogo ya ule wa mwenzake, akaandika jina, jina lake mwenyewe safari hii.

Mkurugenzi Mzuzuri alikuwa amekaa kizingitini, mwiko mkononi, anatazama.

Haya, temeni sasa jibu mlilolishika mdomoni. Kama mmelipata, vizuri. Na kama hamkulipata msinipe mji, miji ninayo nisiyojua pa kuiweka. Nipeni baba. Nitawaonyesha pa kumpeleka.